Zeituni Iliyofika Arua kwa Jina Tu

Msikilizaji, kwenye saluni za Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, kuna tunda linaloonekana kila siku na ambalo karibu hakuna mteja aliyewahi kulichuma. Limechorwa kwenye kopo la mafuta ya nywele: punje mbili za kijani na jani jembamba. Duka la dawa la jirani lina vichupa vya mafuta ya tunda hilohilo. Kina mama huvinunua kumpaka mtoto mchanga, na walokole huvibeba kwenda kuombewa. Msikitini tunda hilo husikika katika sura inayofunguliwa kwa kiapo cha tini na zeituni. Jumapili ya Matawi husikika tena katika kanisa kuu la Ediofe, habari za Mlima wa Mizeituni zinaposomwa.

Mzeituni wenyewe haupo. Msafiri anaweza kuanzia Vurra, mpakani mwa Kongo, akafuata lami kilomita 92 kupitia Arua na Koboko hadi Oraba kwenye mpaka wa Sudani Kusini. Ataona miembe, mikaratusi, misaji na mashamba ya mihogo, lakini shamba la mizeituni hataliona. Tatizo ni baridi. Mzeituni wa mafuta hauchanui vizuri mpaka upitie majira ya baridi ya kweli, kama yale ya Palestina, Ugiriki au Tunisia. Arua iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari. Usiku wake unaweza kumvalisha mtu sweta, ila baridi hiyo haitoshi kuudanganya mzeituni kwamba mwaka umegeuka. Ukipandwa huko utaweza kuota na kujaa majani, na mwenye shamba atasubiri maua mpaka achoke.

Ndugu zake lakini wapo karibu. Mzeituni mwitu huota kwenye milima ya Karamoja, ukiwemo Moroto, na Kenya ni mti unaojulikana sana: Wakikuyu huuita mutamaiyu, Wamasai huuita oloirien na hutumia vijinga vyake kufukizia vibuyu vya maziwa. Tunda lake ni dogo, nyama yake ni kidogo, na mafuta yake hayamlipi mtu jasho lake. Ndugu mwingine, mrefu na mwenye mbao ngumu, yuko msitu wa Budongo, upande wa pili wa Nile. Wataalamu wa mimea wanauweka mzeituni katika jamii moja na asumini. Binti wa Mombasa au Unguja anayevaa kikuba cha asumini jioni kumbe amejipamba kwa binamu ya zeituni.

Kwa hiyo mti umebaki huko kwao, na jina likasafiri. Jina hilo limetembea kuliko mfanyabiashara yeyote.

Kiswahili kililipokea kutoka Kiarabu, na Kiarabu kina neno zeit, yaani mafuta, ambalo ni la ukoo mmoja na zeituni. Kwa watu wa pwani za Mediterania mafuta yalikuwa ni mafuta ya zeituni, hakukuwa na haja ya kusema mafuta gani. Wayunani na Warumi walifanya vivyo hivyo: jina la Kilatini la mafuta, oleum, limetokana na jina la mzeituni. Waandishi wa Kilatini wa baadaye walipotaka kutaja mafuta yanayochuruzika mwambani walichukua neno la mwamba wakaliunganisha na lile la mafuta, na hapo ndipo ilipotoka petroli. Dereva wa bodaboda anayejaza tangi pale Koboko kabla ya kuvuka mpaka kwenda Kaya amelitaja tunda la zeituni bila kujua.

Upande wa dini jina limezama zaidi. Masihi, na Kristo kwa Kiyunani, maana yake ni aliyepakwa mafuta, na mafuta yaliyopakwa wafalme wa Israeli yalikuwa ya zeituni. Gethsemane, bustani ile iliyo chini ya Mlima wa Mizeituni, kwa lugha ya wenyeji ilikuwa na maana ya shinikizo la mafuta, mahali pa kukamulia. Njiwa wa Nuhu alirudi na jani la mti huu mdomoni. Kurani nayo inautaja mzeituni uliobarikiwa, usio wa mashariki wala wa magharibi, ambao mafuta yake yanakaribia kuwaka kabla hayajaguswa na moto.

Basi haishangazi kwamba katika Afrika Mashariki Waislamu huwapa binti zao jina la Zaituni. Koboko na Arua nako jina hilo linaeleweka, hasa kwenye mitaa ya Wanubi, wajukuu wa askari waliokuwa na gavana Emin Pasha katika ngome za Dufile na Wadelai miaka ya 1880. Hao ndio walioacha Kiarabu chao kikikaa sokoni pamoja na Kilugbara, Kikakwa, Kiswahili na Kilingala. Mtoto anaitwa Zaituni katika nchi ambayo zeituni haioti, na hakuna anayeona ajabu, kwa sababu kinachotakiwa katika jina ni baraka.

Mtu mmoja aliyesafiri na tunda hili kichwani mwake alikuwa Ibn Battuta, Mmoroko wa Tangier. Alizaliwa katika nchi ya mizeituni, na popote alipofika aliyapima matunda ya watu kwa tunda la kwao. Mwaka 1331 hivi alipita Mombasa, akataja huko tunda liitwalo jamun. Alisema linafanana na zeituni, na kokwa yake ni kama ya zeituni, isipokuwa lina utamu mwingi sana. Wasomi wengi wamechukulia kuwa ndilo zambarau. Uganda linaitwa jambula, jina lililokuja na njia hiyohiyo ya Bahari ya Hindi, na watoto wa shule za Arua huwarudia mama zao na ulimi wa rangi ya wino msimu wake unapofika.

Miaka kama kumi na tano baadaye akafika China, kwenye bandari kubwa ambayo Waarabu waliiita Zaituni. Akaona vyema aandike kwamba hakuna zeituni mjini humo. Mji huo ndio Quanzhou wa leo. Jina lake la kale la Kichina lilikuwa Citong, jina la mti mwenye maua mekundu wa jamii moja na ule Waganda wanaouita jjirikiti. Masikio ya mabaharia wa Kiarabu yalisikia citong, ulimi ukatamka zaituni, na mji mzima ukabandikwa jina la mti usiokuwepo.

Safari yake ya mwisho, mwaka 1352 na 1353, ilimpeleka Mali. Hapo ndipo habari inapogeuka kuja kutuhusu. Alikuta mti wenye tunda tamu, akauita gharti. Alieleza kwamba kokwa zake hupondwa na kutolewa mafuta, na kwamba watu hupikia mafuta hayo, huwashia taa, na huyachanganya na udongo kupigia lipu nyumba zao. Miaka zaidi ya 400 ikapita. Mwaka 1796 Mungo Park, daktari wa Uskoti, akitembea kuelekea mto Niger, akawakuta watu wakiokota matunda ya mti huohuo. Alinakili jina alilolisikia kwao kama shea, na neno hilo ndilo dunia inalotumia mpaka sasa. Alipotaka kuwaeleza Waingereza tunda hilo likoje, aliandika kwamba linafanana na zeituni ya Hispania.

Ukanda wa mti wa shea unaanzia Senegal, unapita Mali, Burkina Faso, Ghana, Nigeria na Afrika ya Kati, na unaishia Uganda na pembe ya Ethiopia. Upande huo wa mashariki ndiko kuliko na West Nile, eneo lenye Arua na Koboko, Acholi, Lango, Teso na sehemu za Sudani Kusini. Shea wa huku amepewa na wataalamu jina la pili, nilotica, yaani wa Nile. Waacholi na Walango huuita yao. Waiteso huuita ekungur. Kwa Kiarabu cha Juba na cha Sudani mti huu ni lulu, na mafuta yake ni zeit ya lulu. Waganda hupenda kusema nchi yao ni lulu ya Afrika, wakirudia maneno ya Waingereza. Watu wa mpaka wa Koboko wana lulu nyingine, inayookotwa chini ya mti, na kwa jina hilo la zeit wamemwingiza mzeituni kwenye chungu cha shea kwa mlango wa nyuma.

Mti huu haupandwi kwa mistari kama kahawa. Mababu walipofyeka pori wapate shamba la mtama au ufuta, waliangusha miti mingine wakaiacha ya shea isimame katikati ya mazao. Ndiyo sababu ukishuka kutoka tambarare za juu za mji wa Arua kuelekea Rhino Camp na Nile, au ukitoka Koboko kwenda Yumbe na Moyo, unaikuta imetawanyika mashambani, gome lake nene limepasukapasuka kama ngozi ya mamba. Gome hilo ndilo linaloukinga mti na moto wa kiangazi. Mti huchukua miaka 15 hadi 20 kabla ya kuzaa tunda la kwanza, na huendelea kuzaa kwa karne nzima na zaidi. Mwanamke anayeokota leo anaokota chini ya mti ulioachwa na mtu asiyemjua kwa sura.

Maua hutoka kiangazi, Desemba hadi Februari. Matunda huiva kuanzia Mei mpaka Julai au Agosti, na huanguka yenyewe. Huo ni wakati ambao maghala yamekuwa matupu na mazao mapya hayajavunwa, kwa hiyo nyama ya tunda, laini na tamu, ni chakula kabla hata habari ya mafuta haijaanza. Wanawake na watoto huamka kabla ya mapambazuko ili wawawahi mbuzi, nguruwe na majirani. Nyasi wakati huo ni ndefu, na nyoka nao wamo.

Nyumbani kazi ndipo inapoanza. Nyama huondolewa, kokwa huchemshwa au huanikwa juani siku nyingi. Ganda la kahawia linalong'aa huvunjwa kwa jiwe, kiini kikatolewa na kukaushwa tena. Kisha hukaangwa, hupondwa kinuni, na husagwa kwa jiwe au hupelekwa kwenye mashine hadi kitoke kitu kizito cha rangi ya chokoleti. Uji huo huchemshwa na maji mpaka mafuta yapande juu, yakaenguliwa kidogo kidogo, yakachemshwa mara ya pili kukausha maji, halafu yakachujwa. Karibu nusu ya uzito wa kiini ni mafuta, lakini kwa mikono mitupu sehemu yake nzuri hubaki kwenye machicha. Kuni na maji ya kazi hii vyote hubebwa kichwani. Mtu anayelalamika kwamba mafuta ya shea ni ghali sokoni na aende siku moja akakae karibu na hilo jiko.

Mafuta hayo huungia osubi, yaani majani ya kunde, na maharagwe na mboga nyingine zinazoliwa na enya, ugali wa mtama na mihogo wa Walugbara. Mtoto akizaliwa hupakwa. Ngozi iliyopasuka kwa upepo wa Januari hupakwa. Zamani yalikuwa pia mafuta ya taa ya kibatari. Ladha yake ina uchungu kidogo na moshi kidogo. Wanaoizoea huitafuta wakiwa mbali, wasioizoea hukunja uso.

Linganisha sasa na chupa ile ya duka la dawa. Mafuta ya zeituni yanasifiwa na madaktari wa moyo kwa sababu sehemu yake kubwa ni asidi ya oleiki, asidi ambayo jina lake, kama ulivyokwisha kudhani msikilizaji, limetokana na zeituni. Shea wa Ghana na Burkina Faso ana asidi hiyo, lakini anayo pia nyingine nyingi inayogandisha, ndiyo maana siagi yake ni ngumu na viwanda vya chokoleti vya Ulaya huipenda. Shea wa Nile amezidi upande wa oleiki: kwa kawaida inapita nusu ya mafuta yote. Kwa hiyo mafuta ya kwetu ni laini, mchana wa joto huweza kumiminika, na watengenezaji wa vipodozi huko Ulaya na Marekani huyauza kwa jina la nilotica kama aina ya pekee. Mama wa Arua anayenunua kichupa cha zeituni kilichovuka bahari ampake mwanawe, huku bibi yake kijijini ana chupa ya shea uvunguni, amelipia zaidi safari ya meli kuliko kilichomo ndani.

Hata Kanisa Katoliki, ambalo kwa karne nyingi lilishikilia mafuta ya zeituni kwa sakramenti zake, lililegeza. Tarehe 30 Novemba 1972 Papa Paulo VI aliruhusu mafuta ya mimea mingine yatumike katika mpako wa wagonjwa pale ambapo ya zeituni hayapatikani au yanapatikana kwa taabu. Sheria ya Kanisa ya 1983 nayo inasema mafuta ya sakramenti yakamuliwe kutoka zeituni au mimea mingine. Jimbo la Arua liliundwa mwaka 1958, wakati ambapo ruhusa hiyo ilikuwa bado. Leo, kwa kanuni, hakuna kinachozuia mafuta yaliyokamuliwa kando ya Nile yabarikiwe na askofu Ediofe. Wako watakaoona si heshima. Lakini mitume walipaka mafuta yaliyokuwa jikoni kwao.

Zeituni ilipewa kitu kingine ambacho shea haijapewa, nacho ni ulinzi. Athens ya kale ilikuwa na mizeituni iliyohesabiwa kuwa ya mungu mke wa mji. Aristotle ameandika kwamba zamani mtu aliyeng'oa au kukata mmojawapo alishtakiwa mbele ya baraza la Areopago na adhabu ilikuwa kifo. Mafuta yake yalitiwa kwenye mitungi yakawa zawadi ya washindi wa michezo. Torati nayo iliwakataza askari kuangusha miti ya matunda hata wanapouzingira mji wa adui. Watu hao walikuwa wamejua kwamba mti unaochukua miaka mingi kukua hauwezi kuachwa mikononi mwa hasira ya siku moja.

Shea wa West Nile ameachwa mikononi mwa gunia la makaa. Mbao yake ni nzito, na makaa yake huwaka polepole bila kubomoka, ndiyo maana wanunuzi huyaulizia. Kabla ya makaa ilikuwa tumbaku. Kwa miongo mingi wakulima wa Arua, Maracha, Koboko na Yumbe walilima tumbaku inayokaushwa kwa moto, na kila banda la kukaushia lilikula kuni usiku na mchana. Kisha, Julai 2016, vita vikalipuka Juba. Agosti mwaka huo kambi ya wakimbizi ya Bidi Bidi ilifunguliwa Yumbe, na kabla mwaka haujaisha ilikuwa na watu zaidi ya 250,000, mji mkubwa uliozaliwa porini ndani ya miezi mitano. Imvepi ikafuata Februari 2017, na kambi ya wakimbizi ya Rhino Camp, iliyokuwepo tangu mwaka 1980, ikapanuka. Kila familia ilihitaji nguzo na kuni za kupikia mgawo.

Ni rahisi kuwatupia wakimbizi lawama yote, na wapo wanaofanya hivyo hadharani. Ukweli una pande zaidi. Wengi waliovuka walitoka Yei, Kajo-Keji na vijiji vingine vya Ikwatoria. Wakakwa wa Yei ni ndugu wa Wakakwa wa Koboko na wa Aru nchini Kongo, mpaka uliwapita katikati. Hao wanaujua mti wa lulu, na wanawake wao walikuwa wakitengeneza mafuta yake kabla ya vita. Malori yanayobeba makaa kwenda Kampala usiku si ya wakimbizi. Na mwenye shamba anayeuuza mti kwa mwenye msumeno wa injini mara nyingi ni mwenyeji, tena mwenye ada ya shule ya kulipa kesho asubuhi.

Hapa pana jambo ambalo halisemwi vya kutosha. Kokwa huokotwa na mwanamke, mafuta hukamuliwa na mwanamke, na fedha zake, chache zilivyo, huingia kwenye kanga yake. Lakini ardhi, na mti uliosimama juu yake, kwa desturi ni vya mwanamume. Anayeamua mti ukatwe si yule anayepata hasara. Mpango wowote wa kuutetea shea utakaomwacha mwanamke nje ya uamuzi huo utaishia kwenye semina na fulana zilizochapwa maandishi.

Serikali haikukaa kimya. Mei 2023 Rais Museveni alitia saini amri ya rais namba 3 ya mwaka huo, iliyopiga marufuku biashara ya makaa katika kaskazini na kaskazini-mashariki mwa Uganda, West Nile ikiwemo. Karatasi ipo. Vizuizi barabarani vipo. Magunia nayo yanaendelea kuonekana, kwa sababu Arua imekuwa jiji tangu Julai 2020, na jiji linapika kwa makaa. Gesi ya mtungi bado ni ya wachache. Mtu wa mtaani akiulizwa atumie nini badala yake, swali lake ni la haki.

Watafiti wa misitu wa NARO, taasisi ya taifa ya utafiti wa kilimo, wameushika mti huu kwa upande mwingine. Mwaka 2011 walichapisha matokeo ya kuwauliza wakulima wa maeneo ya shea wanavyoitofautisha miti yao, wakakuta aina zaidi ya 40 zenye majina, zikitofautishwa kwa mambo kama ukubwa wa tunda na utamu wa nyama yake. Elimu hiyo ilikuwa vichwani mwa wakulima wenyewe, hakuna chuo kilichowafundisha. Kutoka kwenye miti ya namna hiyo huchukuliwa vikonyo na kubebeshwa kwenye miche michanga, nayo miti iliyobebeshwa huzaa mapema zaidi kuliko ile ya miaka 15 ya kusubiri. Afrika Magharibi wamekwenda mbali katika ufundi huo.

Kwa mkulima wa Terego au Koboko asiye na kitalu, mbegu bado ni njia, ila mbegu ya shea ina tabia zake. Haihifadhiki. Ikikauka imekufa, na hata ikiwekwa kivulini nguvu yake huisha ndani ya wiki chache. Anayetaka kupanda achukue kokwa mbichi za mti mzuri Juni au Julai, aondoe nyama, asianike, azike palepale mti utakaposimama, kwa kuwa mzizi wake mkuu ni mrefu na hauchukui vizuri kuhamishwa. Halafu aweke alama, na uzio dhidi ya mbuzi. Kinachotoka kwanza kwenye mbegu huelekea chini, na chipukizi huanzia humo udongoni, ambako moto wa kiangazi haulifikii, kabla ya kupanda juu. Wiki nyingi zinaweza kupita bila jani lolote kuonekana. Asiyelijua hilo hudhani mbegu imeoza, akapitisha jembe na kupanda mihogo.